Jedwali lenu la madini halikusema ni la nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jedwali mlilolichapa hivi karibuni kwenye ukurasa wa afya, lile la madini ambayo mtu mzima anahitaji kwa siku. Nimelisoma mstari kwa mstari, na nimeona nisinyamaze, maana jedwali hilo limeanza kufanya kazi ambayo nina hakika hamkulituma.

Mimi ni mfamasia. Nasimama dirishani, napokea cheti cha daktari, natoa dawa na kumweleza mgonjwa namna ya kuitumia. Tangu jedwali lile litoke, watu wananijia nalo. Wengine wamelikata kwa mkasi na kulikunja ndani ya kitambulisho, wengine wamelipiga picha kwa simu, na wanalishikilia kando ya kopo la vidonge ili walinganishe namba na namba. Msomaji anayefanya hivyo ameliamini gazeti kwa jambo la mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana nasema kwa uchungu kwamba lile jedwali lilivyo halifai kubaki bila kusahihishwa.

Lilikuwa na safu mbili tu: jina la madini na namba. Kinachokosekana ni vitu vitatu. Namba ni ya nani, ipo katika kipimo gani, na je, ni sakafu ambayo mtu asishuke chini yake au ni dari ambayo asiivuke? Bila hivyo, namba sahihi kabisa inaweza kumpotosha msomaji.

Nianze na chuma, kwa sababu hapo ndipo nilipoona madhara kwa macho yangu. Mliandika chuma, miligramu 18. Namba hiyo ipo, nayo ni kiwango kinachopendekezwa Marekani, lakini ni ya mwanamke wa kati ya miaka 19 na 50, yaani anayepata hedhi. Mwanamume wa umri wowote wa utu uzima anahitaji 8. Mwanamke aliyevuka miaka 50 naye hurudi kwenye 8. Mjamzito hupanda hadi 27. Anayenyonyesha, ambaye mara nyingi hedhi yake bado haijarudi, hushuka hadi 9. Wote hao ni watu wazima, na jedwali lenu liliwapa namba moja.

Tofauti hiyo haitokani na ukubwa wa mwili wala uzito wa kazi. Inatokana hasa na damu. Mwili wa binadamu hauna njia ya kutoa nje chuma kilichozidi. Mtu asiyetokwa damu hupoteza takriban miligramu moja tu kwa siku, kupitia seli za utumbo na ngozi zinazobanduka zenyewe. Lita moja ya damu ina karibu nusu gramu ya chuma, kwa hiyo mwanamke anayetokwa na mililita 40 katika hedhi moja ameondokewa na miligramu 20 hivi. Wapo wanaotokwa na damu nyingi zaidi ya hapo, na kiwango kimepandishwa ili kiwafikie na wao. Tena utumbo hauchukui chuma chote kinachoingia kinywani. Waliokokotoa viwango hivyo walichukulia kwamba katika chakula mchanganyiko mwili hupata asilimia 18 tu. Chuma cha nyama na samaki hunyonywa vizuri, cha maharage na mboga za majani hunyonywa kwa kiasi kidogo tu, na ndiyo maana anayekula mimea pekee huambiwa azidishe kiwango chake mara 1.8. Chai au kahawa inayonywewa pamoja na chakula hupunguza hata hicho kidogo. Tunda lenye vitamini C hukiongeza. Kwa hiyo hata namba ya mtu yuleyule inategemea kilicho kwenye sahani yake.

Sasa niwaeleze kilichotokea dirishani. Alikuja mama mmoja, kopo lake la vidonge karibu limejaa, akaliweka mbele yangu pamoja na kipande cha gazeti. "Dada," akaniambia, "gazeti linasema kumi na nane. Ninyi mmenipa mia mbili. Mlitaka nife?" Alikuwa ameacha dawa tangu siku aliyosoma. Nilimwomba avute chini kope la jicho nimtazame, na pale ndani panapotakiwa pawe pekundu palikuwa pamepauka kama karatasi. Huyu ni mtu aliyepimwa, akakutwa na upungufu wa damu, akaandikiwa dawa na daktari. Halafu namba isiyo na maelezo ikamwachisha.

Nilimgeuzia kopo nikamwonyesha maandishi. Miligramu 200 zile ni uzito wa feri salfeti, yaani chuma kikiwa kimeungana na vitu vingine. Chuma chenyewe ndani ya kidonge kile ni miligramu 65. Feri fumarati ina chuma takriban theluthi moja ya uzito wake. Feri glukoneti haifiki hata asilimia 13. Makopo mengi huandika uzito wa kiungo kizima kwa herufi kubwa na uzito wa chuma kwa herufi ndogo pembeni, na mengine hayaandiki kabisa. Mama akaniuliza swali zuri: "Hata kama ni sitini na tano, si bado imezidi kumi na nane?" Imezidi, nikamwambia, tena imezidi hata 45, ambayo ndiyo dari ya mtu mzima. Lakini namba hizo mbili ni za mtu mwenye afya anayejilinda. Yeye akiba yake imekwisha, anatibiwa, na daktari anamfuatilia kwa kipimo cha damu. Kiwango cha kila siku na kipimo cha matibabu ni mambo mawili, na jedwali la gazeti halina haki ya kukatiza la pili.

Upande wa pili wa mstari huohuo wapo wanaume. Mwanamume akisoma kwamba anahitaji 18 ilhali chakula chake kinampa 10, ataona amepungukiwa, na ataanza kununua vidonge ambavyo hana shida navyo. Wengi hawatadhurika. Lakini wapo waliozaliwa na hemokromatosi, hali ya kurithi inayoufanya mwili unyonye chuma kupita kiasi, kikajikusanya kwenye ini, moyo na kongosho kwa miaka bila mtu kujua. Na lipo jambo ambalo ningetamani kila mwanamume alisikie: ukiambiwa una upungufu wa chuma, usikimbilie kidonge na kuishia hapo. Mwanamume mzima anayekula vizuri kwa kawaida haishiwi chuma bila sababu, na sababu ya kutafutwa mapema ni damu inayovuja polepole tumboni, kwenye kidonda au kwenye uvimbe. Hali ni hiyohiyo kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Vidonge vinaweza kurudisha rangi ya damu huku ugonjwa wenyewe ukiendelea kukua.

Sasa nije kwenye kosa lililonitisha zaidi, ingawa hakuna aliyeniletea dirishani kwa kulalamika. Mmeandika seleniamu, 55 mg. Mmeandika iodini, 150 mg. Mhariri, hizo ni mikrogramu. Mikrogramu ni sehemu moja ya elfu ya miligramu, kwa hiyo jedwali limezidisha mahitaji ya mtu mara elfu moja.

Najua jinsi kosa la namna hii linavyoweza kuingia. Alama ya mikrogramu hutumia herufi ya Kigiriki, na katika baadhi ya fonti za alama herufi hiyo imewekwa mahali pa "m" ya kawaida. Maandishi yakihamishwa kwenda fonti nyingine, alama inarudi kuwa "m" na hakuna anayeona, kwa sababu "mg" ni neno la kawaida machoni. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwenu, nasema kompyuta inaweza kulifanya bila mkono wa mtu. Kwa sababu hiyo wengi wetu katika kazi ya dawa tumefundishwa kuandika "mikrogramu" neno zima, hata kama nafasi ni finyu. Nawasihi nanyi mfanye hivyo.

Na msidhani ni hofu ya makaratasi. Mwaka 2008 huko Marekani kirutubisho kimoja cha maji kiliuzwa lebo ikisema kina mikrogramu 200 za seleniamu, kumbe kilikuwa na zaidi ya 40,000, kwa kosa la kiwandani. Watu 201 waliugua. Walihara, walichoka, viungo vikauma, kucha zikaharibika, nywele zikanyonyoka, na baadhi yao waliendelea kuumwa miezi kadhaa baadaye. Namba iliyochapwa katika gazeti lenu, ikichukuliwa ilivyoandikwa, ni mikrogramu 55,000. Dari ya seleniamu kwa mtu mzima ni 400 kwa hesabu ya Marekani, na Ulaya wameishusha hadi 255. Madini haya ni ya lazima, maana bila hayo moyo unaweza kuharibika, kama ilivyoonekana China katika maeneo ambayo udongo wake una seleniamu kidogo mno, ugonjwa ukaitwa kwa jina la wilaya ya Keshan. Lakini umbali kati ya kinachofaa na kinachodhuru ni mfupi.

Iodini nayo haikutendewa haki, hata ukiondoa kosa la kipimo. Mikrogramu 150 zinamtosha mtu mzima wa kawaida. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji 250 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kwa sababu ubongo wa mtoto unajengwa kwa homoni za tezi ya shingo, na tezi hiyo haiwezi kuzitengeneza bila iodini. Rovu shingoni ni dalili tu inayoonekana kwa nje. Hasara kubwa zaidi ni kwa mtoto ambaye hakupata iodini akiwa tumboni. Uswisi ilianza kutia iodini kwenye chumvi mwaka 1922, Marekani ikafuata mwaka 1924 kuanzia jimbo la Michigan, na hadi leo hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuwafikia watu wote.

Hapo nafika kwenye sodiamu, mstari ambao naona ulihitaji kuandikwa upya kabisa. Mmeiweka kwenye orodha ya "mahitaji", miligramu 2,000. Msomaji wa kawaida ataelewa kwamba ahakikishe anafikisha 2,000. Kumbe kwa Shirika la Afya Duniani hiyo ni dari: mtu mzima abaki chini ya hapo. Sodiamu 2,000 ni sawa na chumvi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Hesabu yake ni rahisi, unazidisha sodiamu kwa 2.5 unapata chumvi. Wastani wa dunia, kwa hesabu za shirika hilohilo, ni zaidi ya gramu 10 za chumvi kwa mtu kwa siku, mara mbili ya dari. Wamarekani wameweka 1,500 kuwa kiasi kinachotosha, na 2,300 kuwa mpaka ambao aliyeuvuka anashauriwa ashuke. Kwa hiyo sodiamu ni madini ambayo karibu hakuna mtu mzima anayehitaji kuhimizwa ayatafute, na katika nchi nyingi sehemu kubwa haitoki kwenye kile kijiko cha mezani bali imejificha kwenye vyakula vya viwandani, mkate ukiwamo. Na kwa kuwa iodini inasafiri ndani ya chumvi, watu huniuliza wafanye nini. Jibu ni kupunguza chumvi, na ile kidogo inayobaki iwe yenye iodini.

Potasiamu ni kinyume chake: wengi hawafikishi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miligramu 3,510 kwa siku. Marekani kwa miaka mingi walisema 4,700, kisha mwaka 2019 wakapitia ushahidi upya na kushusha hadi 3,400 kwa wanaume na 2,600 kwa wanawake. Ninyi mmechapa 4,700, namba ambayo Wamarekani wenyewe walikwisha kuiacha. Na mmeichapa bila neno moja la tahadhari. Mzee mmoja ambaye figo zake zimechoka alinijia akiwa amenunua chumvi ya potasiamu, ile inayouzwa badala ya chumvi ya kawaida, ili "afikishe". Kwa mwenye figo nzima potasiamu inayozidi katika chakula hutoka kwenye mkojo. Kwa mzee yule inabaki kwenye damu, na potasiamu ikipanda kwenye damu moyo unaweza kusimama bila onyo. Dawa kadhaa za shinikizo la damu nazo huizuia isitoke, na yeye alikuwa anatumia mojawapo. Nilimsihi asiifungue kabisa ile pakiti, nikampigia simu daktari wake palepale. "Lakini mwanangu," akaniambia, "mbona gazeti halikusema?" Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kuahidi kwamba nitawaandikia.

Kalsiamu mmeandika miligramu 1,000, na kwa wengi inafaa. Mngeongeza tu kwamba mwanamke akivuka miaka 50 hupanda hadi 1,200, na mwanamume akivuka 70 vilevile, maana mifupa, ambayo pamoja na meno hubeba asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili, huanza kutoa zaidi ya inavyopokea. Kuna dari pia: 2,500 hadi umri wa miaka 50, na baada ya hapo 2,000. Anayetumia vidonge akumbuke kwamba kalsiamu kaboneti ni kalsiamu kwa asilimia 40 tu, hivyo kidonge cha 1,250 kinampa 500. Na ni afadhali kumeza 500 kwa wakati mmoja, pamoja na chakula, kuliko kumeza vidonge vyote asubuhi, kwa kuwa utumbo hunyonya vizuri kiasi kidogo. Wanaotumia homoni ya tezi watenganishe dawa hiyo na kalsiamu au chuma kwa saa nne. Nimeona watu ambao dawa ya tezi iliongezwa dozi tena na tena, kumbe inamezwa kwa funda moja la maji na kidonge cha kalsiamu.

Namba za kalsiamu zinanipa nafasi ya kusema jambo ambalo jedwali lenu lingelisema kwa sentensi moja tu chini yake: namba hizi zimepangwa na kamati, nazo kamati hazikubaliani. Marekani inasema 1,000. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inasema 950 kuanzia miaka 25. Uingereza inasema 700. Mifupa ya watu hao ni ileile; kilichotofautiana ni namna ya kupima ushahidi na kiasi cha tahadhari kilichoongezwa juu. Kwa kromiamu wametofautiana zaidi: Marekani imeweka mikrogramu 35 kwa wanaume na 25 kwa wanawake wa hadi miaka 50, wakati Ulaya mwaka 2014 ilisema haioni ushahidi wa kutosha kwamba mtu mwenye afya anahitaji kuwekewa kiwango chochote. Kwa zinki Ulaya haikutoa namba moja bali kadhaa, kufuatana na fitati, kemikali ya nafaka na jamii ya kunde inayofunga zinki isinyonywe: anayekula nafaka nzima kwa wingi amewekewa karibu mara mbili ya yule anayekula kidogo. Kuchapa namba bila kusema imetoka wapi ni kumnyima msomaji haki ya kujua kwamba majirani wanasoma nyingine.

Hii inagusa hata asilimia zinazoandikwa kwenye makopo. Kidonge chenye miligramu 7 za chuma kitaandikwa asilimia 50 kikiuzwa kwa lebo ya Ulaya, kwa kuwa kule kipimo cha lebo ni 14. Kidonge hichohicho kwa lebo ya Marekani ni asilimia 39, kwa sababu wao hutumia 18. Na mwanamume anayehitaji 8 tu, kidonge hicho kimempa karibu mahitaji yake yote, iwe lebo imesema nini. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wasome miligramu, asilimia waiache.

Halafu ipo maana ya kiwango chenyewe. Mfumo huu wa kupendekeza viwango ulianza Marekani mwaka 1941, katikati ya vita, na katika orodha ile ya kwanza madini yalikuwa mawili tu, kalsiamu na chuma. Kiwango kinachopendekezwa hakielezi mahitaji ya mtu wa wastani. Huwekwa juu makusudi ili kiwatosheleze asilimia 97 au 98 ya watu wenye afya. Kwa chuma, mwanamume wa wastani hutosheka na 6. Ile 8 ni kwa ajili ya wale wachache wenye mahitaji makubwa. Kwa hiyo aliyepata pungufu kidogo leo hajaugua, na hana sababu ya kuhesabu kila mlo kwa hofu. Kinachohesabika ni wastani wa majuma, wala si wa siku moja. Sentensi hiyo peke yake ingewapunguzia wasomaji wenu wasiwasi mwingi niliouona.

Zinki, kwa hesabu ya Marekani, ni miligramu 11 kwa mwanamume, 8 kwa mwanamke, 11 kwa mjamzito, 12 kwa anayenyonyesha. Nyie mmeandika 11 kwa wote, si kosa kubwa. Ila dari yake ni 40, na imewekwa hapo kwa sababu zinki nyingi huizuia shaba isinyonywe. Mtu anayemeza vidonge vya zinki vya miligramu 50 kila siku kwa miezi akidhani anajikinga na mafua anaweza kuishiwa shaba, akapata upungufu wa damu usiotibika kwa chuma na ganzi miguuni, ilhali shaba yenyewe anayohitaji ni mikrogramu 900 tu.

Magnesiamu ina jambo linalowachanganya watu hata wakiwa na jedwali zuri. Mwanamume anahitaji miligramu 400 hadi miaka 30, kisha 420. Mwanamke 310, kisha 320. Lakini dari imeandikwa 350. Inawezekanaje dari ikawa chini ya mahitaji? Kwa sababu dari hiyo inahesabu magnesiamu ya vidonge na dawa peke yake. Ya kwenye chakula haimdhuru mwenye figo nzima, ila ya vidonge ikizidi humletea mtu kuhara.

Yaliyobaki nitayataja kwa haraka, maana chakula cha kawaida hutosha kwa wengi: fosforasi 700, manganizi 2.3 kwa mwanamume na 1.8 kwa mwanamke, zote miligramu. Molibdenamu mikrogramu 45. Floraidi miligramu 4 kwa mwanamume na 3 kwa mwanamke, kwa ajili ya meno, huku maji ya baadhi ya maeneo yakiwa nayo kupita kiasi tayari. Kiberiti, yaani salfa, hakina kiwango chake, kwa kuwa mwili hukipata ndani ya protini.

Ninachoomba ni hiki. Chapeni jedwali upya, kwenye ukurasa uleule na kwa ukubwa uleule, maana sahihisho la mistari miwili kwenye kona haliwezi kumfikia mtu ambaye tayari ametembea na lile la kwanza mfukoni. Liwe na safu ya mwanamume, ya mwanamke wa hadi miaka 50, ya aliyevuka hapo, ya mjamzito na ya anayenyonyesha. Liwe na safu ya dari. Kipimo kiandikwe kwa neno zima kila mstari. Chini yake waambieni wenye ugonjwa wa figo, walioandikiwa dawa, na waliokutwa na upungufu wa damu kwamba jedwali hili si lao; wao wafuate ya daktari. Na waambieni wazazi kwamba vidonge vya chuma vifungiwe mbali na watoto, maana vina rangi ya kuvutia kama peremende na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Niko tayari kulisoma jedwali jipya kabla halijaenda mtamboni, bila malipo, hata kama mtanitumia usiku. Na kama toleo linalofuata halina nafasi ya yote haya, anzeni na mistari miwili, ya seleniamu na ya iodini. Hiyo isisubiri.

Wako,
Mfamasia, msomaji wenu wa siku nyingi